Nta ya nyuki au oil chafu kwa mipini na mapanga?

Mvua zikiisha huku Dodoma majembe yakarudi stoo, ubishi unaanza: upake nta au oil chafu? Kwa bei oil chafu inashinda, gereji unaweza kupewa bure kabisa, nta unanunua kwa warina asali wa Manyoni au Kondoa. Lakini shika mpini wenye oil chafu jua la saa saba uone, viganja vyeusi, shati ndo basi tena, na ile kitu ina metali nzito jamani sio ya kushika kila siku.

Nta inayeyuka kwenye nyuzi 62 hadi 64 hivi, weka kopo ndani ya sufuria ya maji ya moto, usiibandike motoni moja kwa moja itawaka, changanya na mafuta ya alizeti kidogo, paka mpini mkavu, sugua na kitambaa mpaka uteleze bila kunata. Kazi ipo, na utarudia.

Kwenye chuma zote zinazuia kutu, ila oil inakamata vumbi, na vumbi letu mnalijua. Nguzo za uzio zenye mchwa nta haifui dafu, hapo wengi wanapaka oil, basi iwe mbali na kisima na bustani. Mwiko na kinu ni nta tu, oil chafu isisogee kabisa jikoni.