Chokaa au makaa ya pumba katika shamba la mpunga Lubumbashi

Anayetaka kupanda mpunga hapa Lubumbashi, ambako moshi wa matanuru ya shaba ulishusha metali nzito juu ya udongo kuanzia mwaka 1911, ana njia mbili za kuzuia sumu hizo zisiingie kwenye mpunga. Chokaa hupunguza asidi ya udongo, na pH (kipimo cha asidi) ikikaribia 6.5, kadimi, mojawapo ya metali hizo zenye sumu, hung'ang'ania chembe za udongo badala ya kuingia mizizini. Hufanya kazi upesi, ila nguvu yake hupungua kwa misimu, na ikizidi huinyima mimea zinki. Makaa ya pumba za mpunga, mepesi mkononi, hudumu zaidi na huleta silika (madini ya mchanga), inayozuia aseniki, sumu nyingine, isiingie kwenye mpunga. Ningeanza na chokaa, kwani kadimi hukaa katika figo za watoto wetu kwa miaka mingi.