Vali ya plastiki ya kuoshea tangi la choo cha gari-nyumba: nzuri, ila shingo yake laini

Kazi ya vali hii ya nusu inchi ni kuzuia uchafu wa tangi usivutwe kurudi kwenye mpira wa maji safi, na inaiweza. Udhaifu ni shingo: ukiikaza kwa spana inapasuka. Zungusha tepu nyeupe ya mabomba mara 3 au 4 kufuata uzi wa kukazia wa shingo, kaza kwa mkono, ongeza robo mzunguko basi.

Ikivuja kifunikoni, usikimbilie kununua nyingine. Maji ya visima vya Mombasa hupita kwenye miamba ya matumbawe, na chokaa yake huganda kwenye kizibo cha ndani kisifunge sawasawa. Kiloweke kwenye siki, ukisugue taratibu. Vali yenyewe iwekwe juu kuliko tangi. Vali ya shaba isiyo na tundu la kuingiza hewa, hata ikisifiwa dukani, haishiki nafasi yake.