Forester SG5: uzoefu wangu na Subaru, ukweli wa wese, gasketi na mafundi

Wakuu, naandika hii kwa sababu nimechoka kujibu maswali yale yale. Nikipaki tu sehemu lazima atokee mtu, kwanza anauliza inakulaje wese, halafu spea napata wapi, halafu anamalizia na lile la "lakini si wanasema hizi zinachemsha?", yaani mtu hana hata mpango wa kununua ila ubaya wake keshaujua wote. Basi namwaga yote hapa kwa mpigo.

Yangu ni Forester, ile bodi ya SG5 iliyotoka 2002 mpaka 2007, namba D, injini 2.0 isiyo na turbo, otomatiki. Naishi Mbeya, ukweni ni Makete, na kazi inanipeleka Dar mara kwa mara, kwa hiyo inakula lami, inakula vumbi na masika inakula tope.

Wese kwanza, tusifichane. Mjini inanipa kama kilomita 8 kwa lita, siku ya foleni Mwanjelwa inashuka hadi 7, safari ndefu nikitembea kistaarabu inagusa 11. Kwa mtu anayetoka kwenye IST au Passo huo ni msiba. Sababu ziko wazi lakini, magurudumu yote manne yanavuta muda wote, hakuna swichi ya kuzima unapokuwa lami, na otomatiki ya enzi hizo ina gia nne tu, kwa hiyo ukiwa mwendo mkubwa injini inazunguka juu. Anayekwambia SG5 yake inatoa 15 kwa lita muulize anaiuza lini.

Ila sasa hiyo 4WD ndo kilichonifanya ninunue, na historia yake inanifurahisha. Mwanzoni mwa miaka ya 70 shirika la umeme la Tohoku, kule kaskazini mwa Japani kwenye theluji ya kufa mtu, mafundi wao walikuwa wanapanda milimani kukagua laini na magari ya aina ya jeep, yanapita kweli lakini ndani ni baridi na mgongo unakatika. Wakataka gari ya kawaida tu, ya kukaa kwa raha, ila ipite kwenye theluji. Jamaa wa Subaru mkoa wa Miyagi wakachukua gari yao ndogo iliyokuwa inavuta mbele, wakaifungia difu ya nyuma ya Nissan Bluebird, kiwanda kikalishika hilo wazo, na 1972 ikatoka Leone steshen wageni ya 4WD. Yaani Forester yangu ukoo wake ni gari ya mafundi umeme, sio gari ya masharobaro kama watu wanavyodhani.

Na inavyofanya kazi ndo hivyo hivyo. Barabara ya kutoka Isyonje kupanda Kitulo kwenda Makete, masika, wanaoijua wanajua. Kuna kupanda kumoja pale unakuta Noah zimejipanga pembeni, vijana wameshika majembe wanasubiri hela ya kusukuma, udongo umelainika kiasi kwamba hata mtu wa miguu anatembea kwa kushikilia majani. Mimi naweka gia ya 2, mguu mwepesi kwenye mafuta, sikanyagi kwa hasira. Gurudumu la mbele linazunguka bure kidogo halafu unasikia kabisa nguvu inahamia nyuma, kitako kinayumba kidogo upande, inashika, inapanda taratibu huku tope linapiga chini ya sakafu. Vijana wa majembe hawanipendi. Lakini msichanganye mambo, hii sio Land Cruiser, ya kwangu haina gia ya kupunguza mwendo na chini iko juu kama sentimita 20 hivi, ukikuta mtaro wa malori utaning'inia kama wengine.

Kuhusu kampuni yenyewe kwa kifupi, maana kuna watu wanadhani Subaru ni tawi la Toyota. Mwanzo wao ni ndege. Chikuhei Nakajima alitoka jeshi la majini akaanza kutengeneza ndege 1917, makao yakawa Ota mkoa wa Gunma, na ile injini ya Sakae iliyokuwa kwenye ndege za kivita za Zero ni ya kwao, wakati Zero yenyewe ni mchoro wa Mitsubishi. Vita vikaisha 1945, kutengeneza ndege marufuku, kampuni ikavunjwa vipande, wakabaki na mafundi hodari na vifaa visivyo na kazi, ndo 1946 wakatoa pikipiki ndogo ya Rabbit na zile za kwanza walizifungia matairi ya mkia wa ndege ya mabomu. 1953 vipande vikarudi pamoja kama Fuji Heavy Industries, kampuni tano ndani ya moja, hesabu nyota kwenye nembo utaziona, tano ndogo na moja kubwa. 1958 wakatoa Subaru 360, kigari kidogo kilichowapa familia nyingi za Japani gari ya kwanza, na 1966 Subaru 1000 ambayo ndo ilianza na injini ya boxer, yaani ile iliyolala, silinda zimegawanyika kulia na kushoto. Jina la Fuji Heavy Industries limeondoka 2017, sasa inaitwa Subaru Corporation. Toyota waliingia 2005 wakanunua hisa kidogo, leo wana kama asilimia 20 na wameshatengeneza gari pamoja, ile BRZ ya 2012 ambayo Toyota wanaiita 86. Kwa hiyo nyie wa "mimi Toyota tu", mjomba wenu yumo humu.

Huku kwetu jina Subaru lililetwa na Safari Rally, tusidanganyane. 1993 walileta Vivio, kigari cha cc 660, Mkenya Patrick Njiru akashinda nacho daraja lake huku magari makubwa yanavunjika njiani. Halafu Impreza, Colin McRae 1997, Richard Burns 2000, wote wawili walichukua Safari na ile ya bluu yenye rimu za dhahabu. Waliokuwa watoto kipindi hicho ndo leo wana hela ya kuagiza gari, hapo ndo balaa lilipoanzia. Mtu anataka turbo sio kwa sababu ana haraka, anataka ule muungurumo. Na muungurumo wenyewe unatokana na mabomba ya moshi yenye urefu tofauti, upande mmoja moshi unafika mapema mwingine unachelewa, ndo unapata ule mdundo wa kukatika katika. Ndo maana ukinunua Legacy turbo ya 2003 kuja juu ukategemea mlio ule unashangaa gari imenyamaza, pale walishasawazisha mabomba. Yangu haina turbo kwa hiyo haingurumi, na sijutii, nalala vizuri na majirani pia.

Tuje kwenye kuchemsha na gasketi, ile ya silinda hedi inayoziba kati ya hedi na bloku. Sitaki kuwa wakili wa Subaru, tatizo lipo na linajulikana dunia nzima, ila watu wanalibeba lote wanalimwaga kwenye kila gari yenye nyota. Injini iliyochafua jina ni EJ25, ile ya 2.5, za miaka ya 90 zilikuwa zinapitisha presha kwenye maji na gari inachemsha, zilizofuata zikawa zinavujisha oili na kulanti kwa nje kwenye silinda hedi. Waliolalamika sana ni Wamarekani kwa sababu kwao 2.5 ndo ilijaa. Huku kwetu zinazotoka Japani nyingi ni 2.0, EJ20, na hiyo kwenye gasketi ina roho ngumu zaidi. Sasa mtu anasoma malalamiko ya Marekani anakuja kutishia watu Mbeya.

Kinachoziua huku ni maji ya bomba na haraka. Mimi kuna gereji moja niliwapelekea wabadilishe thermostati, kazi ya kawaida kabisa, wakajaza maji, wakafunga mfuniko, wakasema tayari bosi. Kesho yake napanda mlima naona mshale wa temperecha unavuka katikati, nikaweka pembeni nikazima palepale. Fundi mwingine alivyokuja hata hakufungua kitu kikubwa, kwenye redieta upande wa juu kuna kikorokoro cha plastiki kama skrubu, akakilegeza, akawa anamimina kulanti taratibu huku hewa inatoka inapiga bwabwabwa, mpaka ikaanza kutoka kulanti tupu bila mapovu, akakikaza kwa vidole, akawasha na hita ndani ikiwa imefunguliwa mwisho, akajazia tena. Boxer imelala, pistoni zinapigana kulia na kushoto, hewa ikijificha mle ndani haitoki yenyewe kirahisi. Yule wa kwanza amezoea injini zilizosimama, kwake kujaza maji ni kujaza maji. Ningeendelea kutembea siku ile na gasketi ingeondoka, halafu ningesema Subaru zinachemsha.

Na mambo ya hivyo yako mengi. Kubadilisha plagi kwa mfano, kwenye IST dakika chache umemaliza, huku plagi ziko pembeni zinatazama fenda, inabidi utoe betri, chupa ya maji ya waipa na boksi la ea klina ndo mkono uingie, fundi mvivu anabadilisha mbili zinazofikika anakwambia zote nne mpya. Taiming beti nayo, kilomita 100,000 ni kubadilisha, hamna kujadili, ikikatika kwenye EJ20 valvu zinapigana na pistoni na injini imeisha, na ukibadilisha beti badilisha na tenshena, zile puli na wota pampu humo humo kwa sababu kazi ya kufungua ni ileile.

Halafu matairi. Hili nalirudia kwa kila anayenunua hii gari maana watu wanalichukulia poa. Yote manne saizi moja, na yachakae pamoja, sio mbele mapya nyuma vipara. Ukiweka moja tofauti lile linazunguka kivyake, na klachi ya kugawa nguvu mbele na nyuma inakuwa inasuguana muda wote hata kwenye lami, matokeo yake ukikata kona ya kupaki unahisi gari inajikaza kama umeshika hendibreki. Tairi likipasuka njiani na spea ni ile nyembamba, kwenye otomatiki kama yangu chini ya boneti kuna kiboksi kidogo kimeandikwa FWD, yaani kuvuta mbele tu, kiko tupu, unachomeka fyuzi pale, taa ya FWD inawaka kwenye dashibodi, ya nyuma inaachia kuvuta mpaka ufike kwa fundi wa matairi. Nimeonyesha watu wenye Forester miaka mingi hawajui kama ipo. Na ikiharibika usikubali ivutwe kwa kunyanyuliwa upande mmoja huku mingine inazunguka, ipandishwe yote juu.

Vitu vidogo vinavyoniudhi: milango haina fremu kwenye vioo, ni vizuri kwa macho lakini raba zikizeeka upepo unapiga mluzi ukifika themanini na ukiosha gari kwa presha maji yanaingia, na abiria wote wanafunga mlango kwa kushika kioo, nimesema nimechoka. Ndani plastiki ni za kawaida sana, ukilinganisha na Harrier ya umri uleule utajiona umeonewa. Bearingi za magurudumu ya nyuma zimeshanililia. Bodi lakini ngumu, na kuona nje hakuna gari ya sasa inayoifikia, vioo vikubwa, nguzo nyembamba, unageuka unaona kila kitu.

Spea zipo, wanaosema hazipo hawajatafuta. Mbeya za kawaida kama pedi, filta na shokapu napata, zile za ndani zaidi napiga simu Dar, Gerezani kwa mpya na Ilala kwa zilizotumika, zinatumwa kwa basi kesho yake ziko stendi. Bei ndo iko juu kuliko za Toyota, hapo sibishi, na feki ni nyingi, hasa sensa na plagi. Ukipata fundi anayezijua mtunze, yangu inakwenda kwa mtu mmoja tu na akisafiri nasubiri.

Kwa anayetaka kununua: kama hela yako ya mafuta unaipigia hesabu kila wiki usiguse, kachukue gari nyingine na hutakuwa umekosea. Kama njia zako ni za tope na milima na hutaki gari kubwa, SG5 isiyo na turbo ndo ya kuanzia. Forester Cross Sport ya turbo ni tamu, farasi 220, ila ulizia kwanza ilikuwa ya nani, ikiwa ya kijana wa mbio achana nayo hata kama rangi inakuvutia. Bodi ya SH iliyofuata baada ya SG ina nafasi zaidi na milango yenye fremu, na kuanzia mwisho wa 2010 waliiwekea injini ya FB yenye cheni badala ya beti, filta ya oili iko juu huingii chini. SJ iliyokuja baada ya SH ina CVT, yaani otomatiki isiyo na gia za hatua, wese inapunguza kweli, ila usikubali kuambiwa oili ya CVT haibadilishwi maisha.

Siku ya kwenda kuangalia gari nenda asubuhi injini ikiwa ya baridi, fungua mfuniko wa redieta uangalie kulanti ina rangi au ni maji ya kutu, waambie wawashe injini mfuniko ukiwa wazi uone kama kuna mapovu yasiyoisha, chungulia chini ya hedi kulia na kushoto kama kuna oili imelowa, halafu zungusha usukani mpaka mwisho uitembeze polepole usikilize kama inajikaza. Ukifika ukakuta muuzaji keshaiwasha na imepata moto, mwambie utarudi kesho, na kesho fika kabla hajaamka.