Kebo ya Umeme ya Kufukia: Ipi Ununue, na Uilinde kwa Kitu Gani, Kama Unajenga Magu, Misungwi au Sengerema

Umeme ukishafika nyumba kubwa na LUKU ikafungwa, haupiti muda mrefu mtu anataka kuupeleka mbele: nyumba ya vijana, banda la kuku, duka la barabarani, pampu ya kisima. Wengine huupitisha juu kwa miti. Ninawaandikia walioamua kuufukia.

Huku kwetu Mwanza waya uliofukiwa una maadui watatu: jembe, wadudu na panya, na udongo wenyewe. Huyo wa kwanza ndiye anayeua watu, kwa hiyo ndiye niliyemtumia kupanga njia nne za kufukia, kutoka iliyo bora mpaka iliyo mbaya.

Nafasi ya kwanza ni kebo ya deraya, ile nene nyeusi ambayo chini ya gamba lake imezungushiwa nyaya za chuma. Si kwamba haipenyeki. Sururu iliyoshushwa kwa nguvu inaipenya. Ila chuma kile kimeungwa na ethi, yaani waya unaopeleka umeme ardhini. Ncha ya sururu ikifika kwenye waya wenye moto inakuwa imeshagusa chuma, umeme unakimbilia ethi na breka inakata. Ndiyo maana kebo hii ikifungwa bila glandi, kile kifungo cha shaba kinachobana ncha yake kwenye boksi na kushika zile nyaya za chuma, umelipia ulinzi usiokuwepo. Fundi akikwambia glandi si lazima, tafuta fundi mwingine, na awe na leseni ya EWURA, mamlaka ya kudhibiti nishati na maji.

Dukani omba kuona ncha iliyokatwa. Utaona gamba la nje, duara la nyaya za chuma zinazong'aa, gamba la ndani, kisha nyaya za umeme zenyewe. Kwangua mojawapo kwa kisu: shaba halisi ni nyekundu mpaka ndani. Ukiona weupe chini ya wekundu, hiyo ni aluminiamu iliyopakwa shaba, irudishe. Soma pia maandishi ya kwenye gamba: ukubwa, volti zake (600/1000 V), na namba ya kiwango cha ubora, BS 5467 au IEC 60502-1. Kebo isiyo na maandishi usiinunue hata kwa nusu bei.

Kuhusu ukubwa, chukua mfano wa mita 50 na mzigo wa ampia 30. Kebo ya shaba ya milimita 6 za mraba inapoteza karibu volti 11 kati ya 230. Ya milimita 10 inapoteza chini ya 7. Mwenye pampu asibane pesa hapo.

Ya pili ni kebo ya kawaida yenye magamba mawili, ndani ya bomba jeusi la maji la HDPE, lile la kuuzwa kwa roli. Kwenye udongo mweusi wa mbuga ningelichagua kuliko bomba lolote jingine. Mbuga hupasuka kiangazi na kuvimba masika, na bomba hili hujipinda nao. Halina maungio njiani, na mchwa hulitoboa kwa shida. Udhaifu wake ni kwamba jembe likilipasua halikuti chuma chenye ethi, linakuta waya. Ukichukua njia hii, kifaa kinachokata umeme unapovuja lazima kiwepo mwanzo wa laini. Chukua bomba pana, kebo isijaze zaidi ya asilimia 40 ya nafasi, na uache kamba ndani ya kuvutia waya mwingine baadaye.

Ya tatu, bomba gumu la PVC la maji, lile nene. Kwenye kichanga kilichotulia linafaa. Lakini linakuja kwa vipande vya mita 6, kwa hiyo mita 50 zina maungio 8, na mbuga ikivuta hata moja, maji na panya wameingia.

Ya mwisho ni bomba jeupe jembamba la ukutani. Usilifukie kabisa. Unafuu wake unaishia siku ya kwanza mtu anapopita na toroli juu yake.

Bomba la chuma sikulipa nafasi kwa sababu ni la sehemu maalumu: pale kebo inapopanda ukutani, na pale mwamba unapokuzuia kuchimba. Mwanza tunaijua miamba yetu. Hapo pitisha kebo kwenye bomba la chuma lililoungwa na ethi, fezi na nyutro zikiwa ndani ya bomba hilohilo moja, kisha mwaga zege juu.

Kwingine kote chimba sentimita 60, na 75 pale lori linapopita. Plau ya ng'ombe haifiki huko, ila mchimba shimo la nguzo ya uzio anafika. Tandaza mchanga uliochekechwa chini na juu ya kebo, maana vipande vya mawe yetu vina makali. Panga tofali za kuchoma juu ya mchanga, fukia kidogo, laza tepu ya onyo, ndipo umalizie udongo. Tofali na tepu ni gharama ndogo kuliko zote hapa, na ndizo zinazorukwa zaidi.

Kabla ya kufukia, piga picha mtaro ukiwa wazi, pima umbali wake kutoka pembe mbili za nyumba, na uandike vipimo hivyo ndani ya mlango wa boksi la breka.