Faili lako limeshafungwa, dada

Nimetolewa tonsesi ukubwani, nikiwa na miaka thelathini na kitu, na wengi mnaniuliza: serikalini au binafsi? Mimi nililipia binafsi. Kwa wiki moja nzima ningemwambia kila mtu aende huko.

Tonsesi zilinianza tangu shule ya msingi, ila ukubwani ndipo zilipochachamaa. Mwaka ule niliugua mara nane. Kila mara homa, koo limevimba hadi mate hayamezeki, antibayotiki, siku nne sikanyagi darasani. Mimi ni mwalimu, bila sauti sina kazi. Shangazi akashauri nipelekwe kwa fundi wa kukata kimeo. Nilikataa, na ninaomba yeyote anayesoma hapa akatae: kimeo si tonsesi, na wapo waliopoteza damu hadi kufa kwa visu vya mafundi hao.

Daktari bingwa wa masikio, pua na koo aliniona hospitali ya serikali. Akanieleza kipimo chao: ukiugua mara saba au zaidi ndani ya mwaka mmoja, au mara tano kila mwaka kwa miaka miwili, au mara tatu kila mwaka kwa miaka mitatu, hapo kuna hoja ya kupasua. Akaniweka kwenye orodha. Tarehe ikafika, nikaenda tumbo tupu tangu usiku. Saa nane mchana tukaambiwa thieta imejaa dharura za ajali, turudi nyumbani. Tarehe ya pili, hivyo hivyo. Nililia pale pale kwenye benchi, nikaapa sirudi.

Nikakopa kikoba, nikaenda binafsi, bima yangu hawaipokei. Ndani ya siku tano nilikuwa nimeshapasuliwa. Shuka safi, manesi wapole. Na aliyenipasua ni mmoja wa mabingwa wanaoshinda hospitali ya serikali asubuhi, jioni wako pale. Kwa hiyo mkono wa daktari haukuwa tofauti. Nilichonunua kwa milioni mbili na ushee ni tarehe na kitanda.

Maumivu sitayaficha. Watoto wanapona upesi, mtu mzima anateseka wiki mbili. Siku ya tatu hadi ya saba ndizo mbaya, na maumivu yanapanda masikioni hadi unadhani una ugonjwa mwingine. Koo linafunikwa na utando mweupe. Si usaha, ni kidonda kinapona. Niliishi kwa uji uliopoa na maji ya dafu. Daktari aliniambia neno moja nikalishika: utando ule unapobanduka damu inaweza kutoka, na kwa watu wazima hutokea zaidi kuliko kwa watoto. "Ukiona damu, hata kidogo, njoo hapa saa yoyote."

Saa yoyote. Basi usiku wa siku ya saba, kama saa tisa hivi, niliamka mdomo umejaa. Nikadhani mate. Nilipowasha taa mto ulikuwa mwekundu. Mdogo wangu akanipa beseni la bluu tunalofulia soksi, tukapanda bajaji hadi kule kule nilikolipa.

Mapokezi alikuwepo kijana mmoja wa malipo. Mdogo wangu ndiye aliyeongea, mimi siwezi, nikifungua mdomo damu inatoka. Yule kijana akatafuta jina langu kwenye kompyuta, taratibu, kisha akasema: "Faili lako limeshafungwa, dada. Hili ni tukio jipya. Kianzio laki tatu." Mdogo wangu akamwambia ni upasuaji wa hapa hapa, wa wiki iliyopita, daktari wenu ndiye aliyesema tuje. Kwenye simu tulikuwa na elfu themanini. Akajibu kwamba mfumo haumruhusu.

Nikainama kutema, tone likaangukia kaunta. Akavuta mashine yake ya risiti isichafuke. Akachukua tishu akafuta kaunta, akanitazama, akasema, "Sogeza beseni kidogo." Kunipa tishu moja ya kujifutia hakukumjia akilini.

Nimeshasamehe mengi maishani. Hilo la mashine ya risiti bado.

Tukarudi kwenye bajaji hadi hospitali ya serikali, ile ile niliyoapa kutorudi. Wodi ya dharura imefurika, kijana wa bodaboda anapiga kelele za mguu, choo hakiingiliki. Lakini sista wa zamu aliponiona alianza kwa kunipokea lile beseni mikononi. Akaniketisha wima, akaniambia, "Mama, usimeze, tema yote, nataka kuiona." Dripu ikawekwa, damu ikachukuliwa ya kupima kundi. Daktari kijana akanikandamiza kooni na shashi yenye dawa, muda mrefu, mkono wake unatetemeka kwa uchovu, hadi damu ikakata. Namba ya malipo waliniletea kukiwa kumekucha.

Kwa hiyo nendeni serikalini? Ningesema ndiyo bila kupepesa, ila nikikumbuka zile tarehe mbili, tumbo tupu, ninasita. Bila ile milioni mbili huenda mpaka leo ningekuwa kwenye orodha, ninameza vidonge. Koo langu tangu hapo halijauma hata siku moja, na aliyenipasua sina neno naye. Nilishafika kusema kosa ni la kijana mmoja wa zamu. Halafu nikaandika barua kwa uongozi, nikaambatisha risiti zote, na miezi imepita bila jibu. Hapana. Mfumo usiomruhusu mtu kumwita nesi wakati mgonjwa anavuja damu mbele yake si kosa la kijana mmoja.

Sasa mdogo wangu naye koo limemwanza. Nilimwambia aende kliniki ya kulipia iliyo ndani ya hospitali ya serikali: bingwa wa kule kule, na usiku kuna watu. Juzi nikampigia tena nikamwambia asilipe kwanza. Nataka niende mwenyewe usiku, saa tisa, nisimame pale mapokezi nione nani anakaa.