Nyasi bandia juu ya udongo mweusi: nunua kitambaa kabla ya kapeti

Syokimau, Kitengela, Utawala, na popote penye udongo ule ambao mafundi wa Nairobi huuita "black cotton" na Watanzania huuita udongo wa mbuga, malalamiko baada ya mvua za Aprili ni yale yale. Nyasi bandia zinabonyea ukikanyaga, maji yanatoka kati ya vidole vya miguu, na jua likiwaka siku mbili ua unanuka kama zizi. Mwenye nyumba humlaumu aliyemuuzia kapeti ya nyasi hizo. Mara nyingi kapeti haina kosa.

Urefu wa majani na rangi yake tuyaache. Hayo duka lolote litakueleza mpaka uchoke. Udongo huu ukilowa huvimba na kujifunga, ukikauka hupasuka nyufa za kuingia kidole. Mvua hupita kwenye matundu ya kapeti, hufika chini, hukosa pa kwenda. Kwa hiyo kabla ya kitu kingine chochote, uliza: kati ya udongo na kokoto zinazobeba kapeti kutakuwa na nini?

Panatakiwa kitambaa cha kuchujia maji, jiotekstaili. Tatizo ni kwamba madukani jina hilo hupewa chochote cheusi kilichoviringishwa. Utauziwa nailoni ya kuzuia unyevu, ambayo haipitishi hata tone. Au utauziwa mkeka wa kuzuia magugu, uliofumwa kwa nyuzi bapa za plastiki kama gunia la mahindi. Nao tope huziba vinafasi vyake mapema. Unachokitaka hakifumwi. Nyuzi zake zimeshikamanishwa kwa sindano, na ukikishika ni kama blanketi jembamba. Kijaribu palepale kaunta: vuta uzi ukingoni, na ukichomoka mrefu na bapa, rudisha. Kisha kitandaze juu ya ndoo, ukibonyeze katikati, umimine kikombe cha maji. Maji yanatakiwa yapite, yasikae juu kama kwenye jani la mgomba.

Pasipo kitambaa hicho, kila mguu unaokanyaga huzamisha kokoto kidogo na kupandisha tope kidogo, mpaka kokoto na udongo vinakuwa kitu kimoja. Hapo hakuna cha kuzibua. Ni kufumua na kuanza upya.

Upande wangu uko wazi: nunua Bidim, kitambaa cha aina hiyo cha kampuni ya Kaytech ya Afrika Kusini. Daraja la A2 linatosha ua wa nyumbani, A4 kama gari litapita. Ni ghali kuliko mkeka wa magugu, na sitajaribu kukushawishi kwamba si ghali.

Nikizipanga kwa ubora njia tatu za kuandaa chini ya kapeti, nafasi ya kwanza ni kitanda cha kokoto safi juu ya kitambaa hicho, pamoja na bomba. Chukua ua wa mita 5 kwa 8. Chimba sentimita 20 wakati wa kiangazi. Udongo uliolowa haushindiliki, unacheza tu chini ya mashine. Sakafu ya shimo iteremke sentimita 5 kuelekea upande mmoja wa mita 8. Upande huo chimba mtaro wa upana wa sentimita 30, kina 25 mwanzoni na 33 mwishoni kutoka sakafu hiyo, mbali na msingi wa ukuta. Tandika kitambaa kila mahali, mtaroni pia, vipande vipandiane sentimita 30. Nunua kama mita 60 za mraba. Mtaroni weka sentimita 5 za kokoto, kisha bomba la PVC la inchi 4 lenye matundu ya milimita 8 hadi 10 yaliyotazama chini, kwa sababu maji hujaa mtaro kuanzia chini. Bomba lenyewe usilivishe kitambaa, maana eneo lake ni dogo na huziba kabla ya kile cha mtaroni. Kokoto za milimita 20 zijaze mtaro na sentimita 15 za kitanda, jumla kama tani 10. Juu yake sentimita 4 za kokoto ndogo za milimita 6 hadi 10, kama tani mbili na nusu, shindilia, tandika kapeti.

Vumbi la kokoto usilikubali. Fundi atalipenda kwa kuwa linalainika vizuri chini ya kapeti, lakini likishindiliwa na kulowa hukaribia kuwa sakafu. Lori likifika, tia konzi mbili za kokoto kwenye chupa ya maji, tikisa: maji yakigeuka uji, lori lirudi.

Sasa toka nje ya geti na futi ya kupimia. Bomba hilo linatokea sentimita 53 chini ya uso wa ua. Kama mfereji wa barabarani una kina pungufu ya hapo, maji yatarudi kwako. Usiyaelekeze kwenye bomba la maji taka, na shimo la kunyonya ndani ya udongo huu ni birika tu.

Hapo ndipo inapoingia nafasi ya pili, seli za plastiki za milimita 30, yaani vigae vyenye matundu vinavyoinua kapeti ili maji yapite chini yake. Ni nzuri juu ya zege au kabro zilizopo tayari zenye mteremko wa 1 kwa 100, maji yakitoka ukingoni kwenye mfereji wenye wavu. Juu ya udongo mtupu zinapinda udongo ukivimba.

Nafasi ya tatu ni kapeti juu ya vumbi la kokoto na matumaini. Ni rahisi, basi.

Na bei! Nyasi hutangazwa "pamoja na kufunga", ila ukiuliza kufunga ni nini, unaambiwa gundi na misumari. Kokoto, bomba na kitambaa hutajwa ukishatoa amana. Kitambaa nacho huuzwa "kwa mita" bila kusema ni mita ya urefu au ya mraba. Mwombe muuzaji alikunjue roli na apime upana mbele yako, kisha aandike kwenye risiti urefu, upana na daraja, siyo "karatasi nyeusi".