Mafunzo ya wahudumu wa gari la wagonjwa: yamefundishwa vizuri, yamepimwa kwa ulegevu

Zahanati ninayofanyia kazi ilitulipia mafunzo ya wiki moja ya huduma za dharura katika kituo kimoja binafsi hapa Dar es Salaam, na kwa kuwa wenzangu wa zahanati za jirani wananiuliza kama ada yake inalipa, naandika tathmini hii.

Mtaala umejengwa juu ya kozi ya msingi ya huduma za dharura iliyotolewa mwaka 2018 na Shirika la Afya Duniani pamoja na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, na hapo waandaaji walichagua vyema. Kozi hiyo haimtaki mhudumu aanze kwa kutafuta jina la ugonjwa, bali afuate mpangilio uleule kwa kila mgonjwa: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, hali ya fahamu, kisha kumfunua na kumkagua mwili mzima, huku kila hatari ikishughulikiwa pale pale inapoonekana.

Mkufunzi wa kukandamiza kifua cha mtu ambaye moyo umesimama alikuwa hodari. Alihesabu nasi kwa sauti, mikandamizo 30 kwa pumzi 2, kwa kasi ya 100 hadi 120 kwa dakika, na aliyekunja viwiko alianza upya. Mdoli wenyewe wa kufanyia mazoezi, hata hivyo, ulikuwa umechoka. Springi yake ilibonyea sentimita 5 kwa nguvu kidogo tu, na mtu anaweza kutoka pale akidhani kifua cha mtu mzima huitika hivyo. Somo la kumvua kofia majeruhi wa bodaboda lilinifurahisha zaidi: mmoja anashikilia taya na kisogo kutoka chini ili shingo isicheze, mwenzake anaivuta kofia taratibu. Machela, kwa upande wake, tuliibeba juu ya vigae vya darasani tu, ilhali sisi huwatoa wagonjwa katika vichochoro vya Manzese ambako gari halifiki.

Kasoro kubwa ni upimaji. Mtihani wa vitendo ulifanywa kwa makundi, hivyo aliyejua alimbeba asiyejua, na kila mtu alipewa cheti, akiwemo mwenzetu ambaye hatukumwona darasani kwa sehemu kubwa ya wiki. Cheti chenyewe hakina tarehe ya kuisha, wakati vyeti vya kuokoa maisha vya American Heart Association, shirika la moyo la Marekani, hudumu miaka 2 tu, kwa kuwa stadi isiyotumika hupotea haraka. Jambo hili si dogo. Tangu idara ya dharura ya Muhimbili ifunguliwe mwaka 2010, tumepata madaktari bingwa wa fani hii waliosomeshwa hapa hapa MUHAS, chuo kikuu cha afya cha Muhimbili, lakini mgonjwa huwafikia akiwa amekwisha kupita mikononi mwa mtu aliyeketi naye nyuma ya gari, na huyo ndiye ambaye cheti cha namna hii kinamdhamini.

Kwa muuguzi au tabibu, ambaye msingi anao tayari, ningependekeza mafunzo haya bila kusita. Kwa dereva ningesubiri, kwani vijitabu vyote ni vya Kiingereza, na dereva wetu, ambaye kwa kawaida ndiye wa kwanza kushika machela, alimtegemea jirani yake amnong'oneze.